Kibuyu cha Mzee Liu

Juzi jioni nilisikia kibuyu kikiimba. Kilikuwa rafuni, kati ya redio na chupa ya dawa zangu za presha, mahali alipokiweka marehemu mke wangu, na kiliimba kwa sauti nyembamba, kavu, isiyokata, kama mtu anayenoa kisu nyumba ya tatu. Kikombe cha chai kilinitoka mkononi. Sisemi hivyo kupamba maneno. Doa bado liko kwenye mkeka. Nilisimama katikati ya sebule yangu hapa Bilele, mzee mwenye wajukuu, kama mtoto aliyekamatwa. Mara ya mwisho kusikia kibuyu kile kikiimba nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa China.

Kemilembe, mjukuu wangu, akatoka jikoni akicheka, vidole vyake vikiwa kijani.

"Babu, umeogopa! Ni senene tu. Wengine wote nimeshawanyonyoa, huyu nimemtia humo kwa sababu anapiga kelele."

"Nani amekuruhusu kugusa kitu hicho?"

"Si kibuyu cha yule Mchina wako? Kesho kila mtu anapeleka shuleni kitu cha zamani cha kwao, anasimulia habari zake. Mimi napeleka hicho. Nitawaambia ulivyompigia magoti Mchina ukampa senene, naye akala. Usihangaike, mzee, hadithi naijua yote."

Aliijua kweli, kama ukoo mzima unavyoijua. Nikakaa chini. Hadithi ile, jinsi tunavyoisimulia, si ya kweli, na aliyebaki duniani anayejua hivyo ni mimi peke yangu. Nimeiacha iende kwa watoto wangu. Sasa ilikuwa imevaa sare na ilikuwa inaelekea darasani.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba kwa Kihaya chetu, alikuwa mwalimu wa Kiswahili, akapelekwa Peking kutafsiri vitabu na magazeti ya Wachina, kutoka Kiingereza, kwa lugha yetu. Tuliondoka Kaagya watatu, yeye, Mama na mimi. Tuliacha migomba, mibuni, na bibi yangu aliyesimama mlangoni akikataa kupunga mkono, kwa sababu, alisema, kupunga mkono ni kufukuza kuku.

Tulipewa vyumba viwili katika majengo ya wageni. Ninachokikumbuka kwanza ni moshi wa makaa ya mawe. Ulikaa kwenye mashuka, kwenye nywele za Mama, hata ndani ya mkate. Baada ya moshi ni kabichi. Baridi ilipokaribia zilimwagwa kando ya barabara milima kwa milima, na kila familia ikazibeba na kuzipanga ukutani kama kuni. Nikadhani vita inakuja. Kila asubuhi kipaza sauti juu ya nguzo kilituamsha kwa muziki, na watu wazima wakatoka nje wakanyoosha mikono juu kwa pamoja. Nikadhani wanaomba mvua. Tulipokwenda dukani watu walisimamisha baiskeli kututazama, na kina mama wakazishika nywele zangu, wakazivuta kidogo kuona kama zimeota kweli.

Mama aliteseka kwa kukosa ndizi. Siku moja alimenya viazi, akavifunika kwa majani ya kabichi badala ya majani ya mgomba, akaviivisha taratibu, akaviweka mezani bila kusema ni nini. Tata alikula matonge mawili. "Ewe mama," akasema, "hizi ndizi zako zilibatizwa zikiwa kubwa." Mama alicheka mpaka akalia, kisha akaendelea kulia tu, na sisi tukaacha kucheka.

Watoto hujifunza upesi. Mwaka haujaisha, mimi niligombana kwa Kichina na watoto wa wapishi, wakati Tata na vitabu vyake vyote aliomba chumvi akaletewa viberiti. Kwa hiyo nikawa mkalimani wa nyumba. Alipotaka kusema jambo na Mchina nje ya kazi yake, aliniita mimi.

Jumapili tulipewa gari la kijivu na dereva wa kututembeza, Mzee Liu. Alitupeleka kwenye ukuta wao mrefu unaopanda milima, kwenye majumba ya wafalme, na kwenye ziwa lililoganda ambapo nilikataa kukanyaga maji kwa sababu kwetu, kwenye Ziwa Nyanza, maji hayasimami. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye koti la buluu lililojazwa pamba, na mikono iliyonuka petroli na vitunguu. Hakuwa na maneno mengi. Lakini kifua chake kiliimba.

Nilisikia mara ya kwanza tukiwa garini, katikati ya baridi. Nilikaa mbele, karibu naye. Sauti ilitoka ndani ya koti lake, nayo niliijua. Nywele zilinisimama. Ilikuwa sauti ya senene, katika nchi isiyo na jani moja la kijani, kutoka katika mwili wa mtu! Kwa juma zima niliamini kwamba Mzee Liu alimeza senene akiwa hai na anaendelea kuishi tumboni. Baadaye nikapata wazo jingine, baya zaidi kwa mtoto wa Kihaya: kwamba ana senene wengi, amewaficha, na anakula peke yake.

Kwa wale ambao hawakukulia kwetu, niseme kidogo. Zamani, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, waliposhuka, mwanamke aliamka alfajiri akawakusanya nyasini, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akampelekea mumewe kwa magoti. Mwenyewe hakula. Mume alipokea, akala, kisha naye akamvisha nguo mpya. Senene walikuwa heshima inayokwenda na kurudi. Sisi watoto tulifundishwa kuwanyonyoa kabla ya kufundishwa kusoma. Mtu aliyejificha na senene wake aliitwa mchoyo mpaka kaburini.

Nikamuuliza. "Mzee, una nini humo?"

Alitazama nyuma kuona kama wazazi wangu wanasikiliza. Hawakuelewa, tulisema Kichina. Akasimamisha gari kana kwamba anakagua gurudumu, akaniita nje, akafungua vifungo vya koti, akatoa kibuyu kidogo, kirefu, kilichong'aa kwa kushikwashikwa, chenye kifuniko cha mbao kilichotobolewa matundu. Ndani alikuwamo mdudu. Alikuwa mnene kuliko senene wetu na mabawa yake mafupi, lakini ni ndugu yao, hakuna wa kunidanganya. Mzee Liu alitafuna chembe ya haragwe, akaitoa ulimini, akampa. Mdudu akala kutoka kidoleni mwake.

"Ni wa mke wangu," akaniambia. "Hainuki kitandani, na macho yake hayaoni. Wakati huu wa mwaka hakuna ndege, hakuna kitu. Huyu anamwimbia jioni. Mchana nyumba yetu ni baridi, angekufa, ndiyo maana anakaa hapa." Akagonga kifua chake. Kisha akaniomba iwe siri yetu, kwani siku zile kufuga mdudu wa kuimba kulionekana mambo ya kizamani, na dereva wa wageni hakutakiwa kuwa nayo.

Nikaapa. Kwa hiyo nilijua. Mwenye kunisoma asisahau hapa: nilijua ni wa nani, nilijua ni wa kazi gani.

Juma moja kabla ya siku ninayotaka kuieleza ilifika barua ya bibi, iliyoandikwa na mwinjilisti wa kijijini. Ilisema senene wameshuka Kaagya mpaka usharika umeahirisha mkutano, na kwamba sahani yangu imewekwa, ila kama sitafika ataila paka. Tata aliisoma kwa sauti. Sikula chakula siku ile. Ninyi mliowahi kukaa mbali na kwenu mkiwa wadogo mnajua kwamba hamu ya nyumbani haikai moyoni. Inakaa kinywani.

Jumapili ile tulikwenda kwenye makaburi ya wafalme wao, ambako njia imepangwa wanyama wa mawe pande zote mbili, ngamia, simba na tembo wakubwa kuliko nyumba. Nilikuwa na kikohozi. Upepo ulipiga, nikaanza kutapika makohozi, na Mama akasema tugeuze gari. Mzee Liu akakataa, akaonyesha banda la mlinzi kando ya njia, lenye jiko la chuma na birika la maji ya wageni. Akanikalisha kwenye kigoda mbele ya jiko. Kisha akavua koti lake, lile lile, akanifunika nalo mpaka masikioni. Akabaki na sweta lililotoboka viwiko.

Tata alitaka picha karibu na tembo, na mwenye kujua kuipiga alikuwa Mzee Liu. Kabla ya kutoka aliinama akaniambia polepole, "Mtunze mpaka nirudi."

Mlinzi naye alichukua ufagio akaenda zake. Nikabaki mimi, jiko, na ile sauti juu ya moyo wangu.

Nilitoa kibuyu ili nimtazame tu. Hiyo ni kweli, na ndiyo kweli ya mwisho niliyo nayo kuhusu siku ile inayonipendeza. Nilifungua kifuniko. Akatoka mwenyewe, akatembea kiganjani, akasimama, akatingisha vipapasio vyake. Joto la jiko lilimfurahisha, akaanza kuimba hapo hapo mkononi. Na vidole vyangu, waheshimiwa, vilijua kazi yao kabla yangu. Dole gumba na cha pili vilishika bawa, vikavuta. Vikashika la pili. Sauti ikakatika.

Nimekuwa mtu mzima, nimezika wazazi, nimemzika mke. Sijapata kusikia kimya kama kile.

Nilitaka kuyarudisha mabawa. Niliyabandika kwa mate, yakaanguka. Mdudu alikuwa hai bado, akigeukageuka. Hapo mtoto mwenye haya angelia na kungoja. Mimi nilifikiri: haimbi tena, basi ni senene tu. Nikamalizia miguu, kama bibi alivyonifundisha, nikamweka juu ya bati la jiko. Harufu ikapanda. Ile harufu ya mafuta, ya nyasi, ya jikoni kwetu! Mate yalinijaa. Nilimwokota akiwa moto, nikamleta mdomoni.

Mlango ukafunguka.

Mbele alikuwa Mzee Liu, mikono kwapani kwa baridi, akitabasamu. Nyuma yake Tata na Mama. Sijui ni nani aliyenifundisha haraka ile. Niliweka mdudu kwenye kifuniko cha kibuyu, nikaanguka magotini, nikakishika kifuniko kwa mikono miwili, nikakiinua kuelekea kwa Mzee Liu. Kama mke kwa mume. Kama nilivyoona maelfu ya mara.

"Senene!" Tata alipiga kelele. "Mungu wangu, senene Peking! Umempata wapi?"

"Ukutani, Tata. Hapo penye joto."

"Na hukula mwenyewe? Umempa mzee?" Sauti ya Tata ilibadilika. Kwa miezi alikuwa akiogopa kwamba ninageuka Mchina, kwamba nimesahau kwetu. Sasa alinitazama kana kwamba nimerudishwa kwake kutoka majini. "Mama, umeona? Umeona mtoto wako?"

Mama aliona. Alikuwa akiangalia sakafu, karibu na goti langu, ambapo palikuwa na mabawa mawili.

"Mfafanulie mzee," Tata akaniamuru. "Tafsiri. Mwambie kwetu hiki si chakula, ni heshima. Mwambie mwenye kuletewa ndiye mkubwa wa nyumba. Mwambie mtoto wangu amemwona yeye kuwa babu yake."

Nami nilitafsiri. Nilitafsiri vizuri, neno kwa neno, bila kukosea. Sijawahi kusema Kichina kizuri kama siku ile. Nilisema heshima. Nilisema babu. Mzee Liu alisimama wima akinisikiliza, na macho yake yalitoka usoni kwangu yakaenda kwenye kifuniko, yakaenda kwenye kibuyu kilicholala wazi juu ya koti, yakarudi kwangu. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Nilijua anajua. Nilingoja anipige. Neno moja tu kwa Tata, hata kidole cha kuonyesha kibuyu, lingetosha.

Alinyoosha mkono akamchukua yule mdudu kwa vidole viwili, jinsi alivyomshika siku zote. Akamtia kinywani. Akatafuna. Alitafuna muda mrefu, na Tata akapiga makofi.

"Mwambie pia," Tata alisema akicheka, "heshima hii hairudi mikono mitupu! Mume humvisha mke nguo."

Nikatafsiri na hilo. Mzee Liu akaokota kibuyu, akafuta vumbi kwa mkono wa sweta, akachukua kifuniko kutoka mikononi mwangu, akakifunga taratibu mpaka kikabana. Akanipa. Tata alidhani ni kibuyu cha tumbaku. Ndipo Mzee Liu akasema maneno machache, kwa sauti ya chini, akinitazama mimi peke yangu.

"Anasemaje?" Tata akauliza.

"Anasema ni mtamu sana. Anashukuru."

Tulikaa miezi mitatu zaidi kabla ya kurudi nyumbani, na kila Jumapili Mzee Liu alituendesha. Kifua chake kilikuwa kimya. Hakunichukia, alinifunga skafu, alinimenyea chungwa. Jumapili kumi na mbili nilikaa karibu yake na lugha yake yote iko kinywani mwangu, na sikumwomba radhi. Wala sikumuuliza habari za mke wake. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nilianza kuamini habari ya Tata, kwa kuwa katika habari ya Tata nilikuwa mtoto mzuri.

Tata aliisimulia Kaagya mpaka lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaisha mitungini, na mimi nikapiga magoti kuonyesha. Nilipokuwa kijana nikaisimulia mwenyewe. Nilipokwenda kuposa Muleba, wakwe waliniomba niirudie mara mbili, na nadhani mke nilipewa nusu kwa ajili yake. Siku ya mazishi ya Tata mchungaji aliitumia katika mahubiri: mtoto aliyelelewa vema hata nchi ya mbali hasahau kuheshimu wazee. Nilikaa kiti cha mbele, nikatikisa kichwa kukubali. Nikikumbuka kichwa changu kikitikisika vile, nashtuka mpaka leo kuliko ninavyoshtuka kwa kosa lenyewe. Yule alikuwa mtoto. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye suti.

Mama hakuisimulia hata mara moja. Na mke wangu, miaka mingi baadaye, akiwa anatia punje za kahawa ya kutafuna ndani ya kibuyu, aliniuliza bila kugeuka, "Lakini baridi ile yote unayoisema, senene alitoka wapi?" Nikamjibu, ukutani. Akasema, "Haya," akafunga kifuniko. Sasa yuko Kaagya chini ya migomba, na mimi kila jioni nafungua mlango wa nyumba ambayo haina sauti yake.

Haya yote nilimwambia Kemilembe juzi, kwa mpangilio huu huu, yeye akiwa amekaa mkekani na kibuyu mapajani. Nilitegemea acheke mahali fulani. Hakucheka hata pale penye viazi.

"Kwa hiyo uliiba," akasema.

"Niliiba."

"Ukadanganya."

"Nilidanganya. Na nikatafsiri uongo wangu mwenyewe."

"Sasa Mzee Liu alisema nini kweli? Pale uliposema ni mtamu?"

Miaka yote hii sikuwahi kuyatoa maneno yale kinywani, kwa lugha yoyote. 

"Alisema, 'Leo nitaingiaje nyumbani?'"

Senene alikuwa ameacha kuimba. Kemilembe alinyanyuka bila kunitazama, akatoka nje mpaka kwenye nyasi za uani, akafungua kifuniko, akapindua kibuyu, akakigongagonga kwa upole. Aliporudi alikiweka ndani ya mfuko wake wa shule, kati ya madaftari.

"Bado unakipeleka?" nikamuuliza.

"Ninakipeleka."

"Utawaambia yote? Hata lile la mimi kukubali kwa kichwa kanisani?"

Akavuta zipu.

"Hilo ndilo nitaanza nalo, Babu."